Somo Lililosahaulika Nusu Laweza Kumfaa Mtoto wa Jirani

Katika nyumba nyingi za askari, polisi na watumishi wengine liko sanduku lililofungwa ambamo mmehifadhiwa vyeti vya shule. Mwenye vyeti hivyo alipata kuijua aljebra, jiografia au kemia, lakini leo mtoto akimwuliza swali, hucheka na kusema, "Hayo niliyasahau zamani." Jibu hilo huonekana kuwa la kweli. Hata hivyo, mara nyingi ni kweli nusu tu, na ile nusu iliyobaki kichwani ndiyo ambayo mtoto anaihitaji.

Ili jambo hili lieleweke, na achukuliwe kwa mfano fundi mmoja wa cherehani katika mtaa wa Chinsapo, mjini Lilongwe, nchini Malawi. Chinsapo ni mtaa wa watu wengi ulio upande wa kusini-magharibi ya jiji, ambako nyumba zimesongamana na biashara ndogo ndogo hufanyika mlangoni mwa kila mtu. Lugha ya wenyeji ni Kichewa. Lakini kwa miaka mingi waliishi humo pia watu waliotoka mashariki ya Kongo, Burundi na Rwanda, na miongoni mwao Kiswahili kilikuwa ndicho lugha ya kununua, kuuza na kujuliana hali.

Fundi huyo ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika. Sekondari aliisoma kwa Kifaransa, na hesabu ndilo somo alilolipenda kuliko yote. Vita vya mwaka 1996 vilipofika Uvira alikuwa katika mwaka wa nne. Daftari zake zilibaki huko, naye hakuzirudia tena.

ALAMA YA 8 ILIYOLETA MACHOZI

Mwezi wa Desemba 2022, shule zilipofungwa, jirani yake alimjia na binti yake wa miaka kumi na sita, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mkononi alikuwa na ripoti ya muhula. Fundi aliipokea, akatafuta mstari wa hesabu, akaona namba 8. Uso wake ukakunjuka.

"Hongera, mwanangu," alisema. "Nane juu ya kumi si haba!"

Binti aliangua kilio. Mama yake akabaki akiwatazama wote wawili bila kujua la kusema.

Ilimpasa binti aeleze. Katika shule za sekondari za Malawi alama hazihesabiwi kama zilivyohesabiwa Uvira. Mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, ambao huitwa MSCE, hutoa daraja kuanzia 1 hadi 9. Daraja la 1 ndilo bora kabisa, na la 9 ni kushindwa. Kwa hiyo aliyepata 8 amebakiza hatua moja tu kuanguka. Fundi, ambaye watoto wake walikuwa bado katika shule ya msingi, hakuwa amelijua hilo.

"Dada," alisema yule mama binti alipotulia, "wewe ulisoma hesabu kule nyumbani. Nisaidie mtoto huyu."

"Nimesahau, dada. Ni miaka ishirini na sita sasa."

"Uliyoyasahau wewe ni mengi kuliko ninayoyajua mimi."

Fundi hakuwa na jibu. Alikubali, lakini aliweka masharti matatu. La kwanza, hakuna malipo, wala ya fedha wala ya unga. La pili, somo litafanyika barazani mbele ya watu, saa kumi jioni, wakati wateja wamepungua. La tatu, binti asije akatumwa maji, kufagia wala kulea mtoto katika nyumba hiyo, kwa maana mtoto anayefundishwa bure kwa urahisi huwa mtumishi wa bure.

KUSAHAU SI KUPOTEA

Usiku huo fundi alikiazima kitabu cha binti na kukaa nacho karibu na taa. Kilikuwa cha Kiingereza, lugha ambayo aliijua kwa kuisikia tu. Alijaribu swali la kwanza la milinganyo akashindwa. Akajaribu tena. Swali lilikuwa hili: 3(x + 4) = 27. Alikumbuka kwamba kuna jambo hufanywa na mabano, lakini hakukumbuka ni jambo gani. Baada ya kitambo kirefu mkono wake uliandika 3x + 12 = 27 kabla akili haijasema neno. Kisha 3x = 15. Kisha x = 5. Akarudisha 5 mahali pa x ili kuhakikisha, na hesabu ikakubali.

Jambo lililompata fundi huyu lilichunguzwa na wataalamu tangu zamani. Mwaka 1885 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alitangaza matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, akaacha siku zipite hadi akawa hawezi kuzitaja, kisha akazikariri upya na kupima muda. Aliona kwamba mara ya pili alitumia muda mfupi kuliko mara ya kwanza, hata kwa yale aliyodhani yametoweka kabisa. Kwa hiyo mtu aliyesahau hayuko sawa na mtu ambaye hakusoma kamwe. Njia imeota majani, lakini ingali pale pale.

Zaidi ya hayo, yuko mwalimu aliyefundisha hata asichokijua. Mwaka 1818 Mfaransa mmoja aliyeitwa Joseph Jacotot alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Leuven, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Wengi wa wanafunzi wake walisema Kiflemi, naye hakujua hata neno moja la lugha hiyo. Aliwapa kitabu kimoja kilichochapwa kwa lugha zote mbili, akawataka wajifunze Kifaransa kwa kulinganisha ukurasa na ukurasa. Walipoandika insha zao kwa Kifaransa alistaajabu kuona jinsi zilivyokuwa nzuri. Tangu hapo alishikilia kwamba kazi kubwa ya mwalimu ni kumfanya mwanafunzi aangalie kwa makini, aseme alichokiona, na athibitishe alichokisema.

Fundi wa Chinsapo hakupata kusikia habari za mabwana hao wawili. Lakini alipoanza kazi yake aliwafuata bila kujua.

DENI, MABANO NA SKETI

Mwezi wa Januari 2023 shule za Lilongwe na Blantyre zilichelewa kufunguliwa kwa muda wa majuma mawili kwa sababu ya ugonjwa wa kipindupindu. Majuma hayo, ambayo kwa watoto wengi yalipita bure, ndiyo yaliyowapa fundi na mwanafunzi wake mwanzo mwema.

Jambo la kwanza lililogunduliwa ni kwamba binti hakuwa mvivu, wala hakuwa mzito wa akili. Alishindwa katika mambo mawili madogo ya darasa la nyuma, na kila kilichojengwa juu yake kikayumba. Jambo moja lilikuwa utaratibu wa kufanya hesabu yenye alama nyingi. Akipewa 8 + 2 × 5 alijumlisha kwanza, akapata 50, ilhali jibu ni 18. Hapo alisaidia jirani mwingine, mzee aliyesoma shule ya msingi nchini Tanzania, ambaye alikuwa amekaa barazani akingoja suruali yake. "Sisi tuliimbishwa MAGAZIJUTO," alisema. Neno hilo limeundwa kwa mianzo ya maneno matano: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Fundi hakuwa amelisikia Uvira, wala binti hakuwa amelisikia Lilongwe. Wote wawili waliliandika.

Jambo la pili lilikuwa alama ya kutoa iliyokutana na alama nyingine ya kutoa. Binti alikuwa amekariri kwamba zikikutana huwa kujumlisha, lakini kwa kuwa hakujua sababu, alisahau kila mara. Fundi hakutafuta jibu kitabuni. Alifungua daftari la duka lake, akamwonyesha jina la mteja aliyekuwa na deni la kwacha 300.

"Mtu huyu ana nini?" aliuliza.

"Ana kutoa 300."

"Nikilifuta deni lake, yaani nikiliondoa, hali yake imekuwaje?"

Binti alifikiri. "Ameongezewa 300."

"Basi. Kuondoa deni ni kuongeza mali."

Tangu siku hiyo hakulikosea tena.

Siku ya duara ilikuwa ya furaha zaidi. Binti alikuja na kanuni ya mzingo, akilalamika kwamba ni jambo lisilo na kazi yoyote duniani. Fundi alikuwa amelaza kitenge mezani ili akate sketi pana ya duara kwa mteja mwenye kiuno cha sentimita 66. Kwa miaka mingi alikuwa amekata sketi za namna hiyo. Huchukua kipimo cha kiuno, hukigawa kwa 6 na ushei kidogo, na kupata urefu wa kamba ya kuzungushia chaki. Hakuwa amejiuliza hiyo 6 na ushei ilitoka wapi. Alirithishwa na fundi aliyemfundisha kazi.

Binti aliandika kanuni: mzingo ni mara 2 ya pai mara nusu kipenyo. Pai ni 22 juu ya 7. Kwa hiyo mara 2 ya pai ni 44 juu ya 7, na hiyo ndiyo 6 na ushei. Akazidisha 66 kwa 7, akagawa kwa 44, akapata sentimita 10 na nusu. Fundi alipima kamba yake. Ilikuwa sentimita 10 na nusu.

Walitazamana wakacheka. Mwalimu alikuwa ameelezwa kazi yake mwenyewe na mwanafunzi, na mwanafunzi alikuwa ameona kanuni yake ikivaliwa kiunoni.

KOSA LA MWALIMU

Hata hivyo, njia haikuwa tambarare. Juma moja baadaye binti alirudi kutoka shuleni amenuna. Katika zoezi la darasani alikuwa amepata jibu hilo hilo la 10 na nusu, lakini aliliandika kama alivyomwona fundi akiliandika: 10,5. Mwalimu wa darasani alilikata kwa wino mwekundu.

Ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa sahihi, kila mmoja kwa desturi ya shule yake. Katika shule zilizofuata mtindo wa Kifaransa na Kibelgiji, namba nzima hutengwa na desimali kwa mkato. Katika shule zilizofuata mtindo wa Kiingereza hutumika nukta, nao mkato hutenga maelfu. Tena, mtoto wa Uvira huandika kigawanyi upande wa kulia wa namba inayogawanywa, na jibu huliweka chini yake. Mtoto wa Lilongwe huandika kigawanyi upande wa kushoto, na jibu huliweka juu. Hesabu ni ile ile, lakini mavazi ni mbalimbali.

Fundi angeweza kumlaumu mwalimu wa darasani. Angeweza pia kunyamaza ili heshima yake isipungue. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimwambia binti mbele ya mama yake: "Kosa ni langu, mwanangu. Nilikufundisha kwa desturi ya kwetu bila kuuliza desturi ya kwenu. Kuanzia leo wewe utaniandikia kama wanavyoandika darasani, nami nitajifunza."

Maneno hayo yalikuwa na faida kuliko masomo mengi. Binti aliyekuwa akificha makosa yake kwa kuona haya, alianza kuyaonyesha. Aliona kwamba mtu mzima aweza kukosea, akakiri, na dunia isianguke. Fundi naye alipokutana na swali lililomshinda alisema waziwazi, "Hili silijui, tulitafute wote." Mwisho wa muhula wa pili ile 8 ilikuwa imegeuka 6. Ni daraja la kawaida tu, ambalo kwa wengine halina sifa, lakini nyumbani kwa binti walipika wali.

SAFARI YA DZALEKA

Wali huo ulilika katika siku za mashaka. Mwezi wa Machi 2023 Serikali ya Malawi ilitangaza kwamba wakimbizi wote walioishi mijini warudi katika kambi ya Dzaleka, na ikaweka tarehe 15 Aprili kuwa mwisho. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 iliweka masharti yake kuhusu kazi, elimu na uhuru wa kukaa mahali popote. Agizo hilo liliambatana na msimamo huo wa zamani. Mwezi wa Mei polisi walianza kuwakusanya waliobaki mijini na kuwapeleka kambini.

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, kilomita 40 na ushei kutoka Lilongwe. Zamani, wakati wa utawala wa Rais Banda, mahali hapo palikuwa gereza la kisiasa. Mwaka 1994 pakafanywa makao ya wakimbizi. Ilikusudiwa ichukue watu kiasi cha elfu kumi na kitu. Kufikia mwaka 2023 walikuwa wamezidi 50,000.

Fundi na jirani yake walihamia huko kwa siku tofauti, wakapata pa kukaa katika sehemu mbili zilizo mbali. Cherehani ilisafirishwa, meza ya kukatia iliuzwa kwa bei ya hasara. Binti alipoteza nafasi yake ya shule mjini. Shule zimo kambini, nazo zimewasaidia wengi kwa miaka mingi. Hata masomo ya ngazi ya chuo kwa njia ya kompyuta yalianzishwa humo na Wajesuti mwaka 2010. Lakini nafasi za sekondari ni chache kuliko watoto wanaozitaka, na aliyefika katikati ya mwaka hungoja.

Hapo ndipo thamani ya lile somo la barazani ilipoonekana wazi. Kwa miezi kadhaa binti hakuwa na darasa, sare wala kengele. Alikuwa na daftari moja, na mara mbili kwa juma alitembea na mama yake hadi kwa fundi, ambaye sasa alishona chini ya turubai. Walianza milinganyo ya kipeo cha pili. Kwa x² + 7x + 12 = 0 walitafuta namba mbili ambazo zikizidishwa ni 12 na zikijumlishwa ni 7, wakapata 3 na 4. Fundi alilijua hilo kwa shida sana. Kila alipomfundisha binti alikuwa amelisoma usiku wa jana yake.

Watoto wa majirani walikuja kutazama, kisha wakaja na vibao vyao. Fundi hakuwa na nafasi ya wote. Alimpa binti wadogo wanne awafundishe kugawanya, na binti, katika kuwaeleza wao, aliyaelewa mambo aliyokuwa akiyafanya kwa kukariri. Nafasi ya shule ilipopatikana ilimlazimu arudie kidato cha tatu. Alirudia, lakini aliingia darasani akiwa hajapoa, jambo ambalo wengi waliokaa nje ya shule kwa muda huo huo hawakulipata.

KWA WANAOTAKA KUJARIBU NYUMBANI

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya wakimbizi peke yao. Mtoto wa askari ambaye baba yake au mama yake amehamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine katikati ya mwaka hukutana na matatizo ya namna hiyo hiyo: kitabu kingine, mwalimu mwingine, na sura ambazo darasa jipya limekwisha kuzipita. Katika kila kambi na kila mstari wa nyumba za polisi yuko mtu aliyesoma somo hilo zamani. Kwa aliye tayari kusaidia, yafaa azingatie mambo haya:

1. Aanze na kitabu anachotumia mtoto sasa, wala si kile alichosomea yeye. Aulize jinsi darasani wanavyoandika, na afuate hivyo.

2. Atafute mahali mtoto alipoanza kupotea, hata ikiwa ni miaka miwili nyuma. Nyumba haijengwi kuanzia kwenye dari.

3. Asome sura moja mbele ya mwanafunzi. Haimpasi kukijua kitabu kizima. Kesho ina usiku wake.

4. Asilolijua aseme halijui, kisha alitafute pamoja na mtoto. Kubahatisha jibu ili kulinda heshima humharibia mtoto siku ya mtihani.

5. Amwache mtoto aeleze kwa mdomo, kwa lugha ya nyumbani, kabla ya kuandika kwa lugha ya shule. Asiyeweza kueleza bado hajaelewa.

6. Saa moja, mara mbili au tatu kwa juma, inatosha. Siku zilizowekwa zisivunjwe bila sababu, kwa kuwa mtoto hujifunza pia kutokana na uaminifu wa mwalimu wake.

7. Somo lifanyike mahali pa wazi na kwa idhini ya wazazi, na mtoto asilipie kwa kazi za nyumbani.

8. Asishindane na mwalimu wa darasani. Yeye ana watoto wengi. Jirani ana mmoja. Kila mmoja ana sehemu yake.

Wahenga walinena kwamba elimu haina mwisho. Fundi wa cherehani aliona pia kwamba haiishi upesi kama watu wanavyodhani. Aliyoyapata Uvira akiwa msichana yalivuka mipaka pamoja naye bila yeye kujua, yakakaa kimya miaka ishirini na sita, na yalipohitajiwa yakaamka moja baada ya jingine. Huenda katika sanduku la vyeti lililo nyumbani kwa msomaji yamo pia ya namna hiyo, na huenda nyumba ya tatu kutoka hapo yuko mtoto anayelia juu ya ripoti yake. Kubisha hodi mlangoni mwa wazazi wake hakugharimu kitu.